Kuchagua vituo vya majaribio ya tiba ya uraibu: anzieni kwenye rejista

Mkuu, umesema mnatafuta vituo vya kujaribia dawa ya uraibu wa heroini, hospitali kubwa zote zimejaza dodoso vizuri, kila moja imeahidi wagonjwa tele, na mmebaki na kliniki moja ndogo ambayo dodoso lake halieleweki. Umeuliza mtazame nini. Nimeratibu majaribio ya aina hii kwa miaka kadhaa, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ni kukagua vituo kabla mkataba haujasainiwa. Jibu langu: kituo kinachofaa ni kile ambacho wagonjwa wa uraibu wanarudi wenyewe wiki hadi wiki, hata kabla utafiti haujafika. Jokofu, kompyuta na chumba cha mahojiano vinanunulika. Imani ya wagonjwa hainunuliki.

Dodoso lisomeni, lakini msilitegemee. Daktari anayelijaza huhesabu kila mgonjwa aliyewahi kumwona kana kwamba atajiunga. Hadanganyi, ndivyo anavyokumbuka. Louis Lasagna, bingwa wa famakolojia wa Marekani, aliliona hili zamani, na kanuni hiyo ikabaki na jina lake: wagonjwa wanaofaa hupungua ghafla jaribio linapoanza, kisha huonekana tena likiisha. Ombeni rejista ya miezi 12 iliyopita, majina yakiwa yamefichwa, muichekeche kwa vigezo vyenu kimoja kimoja. Tuseme kuna wagonjwa wapya 300. Ondoeni walio tayari kwenye methadoni (dawa ya kutibu uraibu inayochukua nafasi ya heroini), wajawazito kama itifaki, yaani mpango ulioandikwa wa jaribio, haiwaruhusu, wenye ini lililoharibika sana, wanaochanganya na pombe au benzodiazepini (vidonge vya kutuliza na kulaza usingizi) kwa kiwango cha hatari, na wanaosubiri hukumu inayoweza kuwapeleka gerezani katikati ya jaribio. Huenda mkabaki na 70. Kisha muulizeni muuguzi wa mapokezi ni wangapi kati ya hao watakubali kupangiwa kundi kwa bahati nasibu. Namba atakayowapa ndiyo ya kupangia bajeti.

Baada ya hapo fungueni daftari la mahudhurio. Chagueni mwezi mmoja wa nusu mwaka nyuma, mwone waliosajiliwa mwezi huo wako wapi leo. Katika uraibu, mtu asiyetokea si pengo la kawaida la takwimu. Mara nyingi amerudia kutumia, amekamatwa, amehama, au amefariki. Majaribio mengi huhesabu kipimo cha mkojo kilichokosekana kama kilichokutwa na dawa ya kulevya, kwa hiyo kituo kinachopoteza watu kinaweza kufanya dawa nzuri ionekane haifai. Watu wakipotea zaidi kwenye kundi moja kuliko jingine, hali ni mbaya zaidi, na hakuna mtakwimu atakayeirekebisha kikamilifu. Ulizeni: mgonjwa akikosa siku mbili, nani anampigia simu? Nani anajua anapolala? Kituo kizuri kitawatajia mtu. Kituo dhaifu kitawaonyesha mwongozo uliochapwa. Mtu huyo mara nyingi ni mhudumu aliyewahi kupitia uraibu mwenyewe, hayumo kwenye orodha ya watafiti, na posho yake haimo kwenye bajeti yenu. Mwingizeni. Ndiyo maana nasema hiyo kliniki ndogo msiitupe kabla ya kuitembelea. Kujaza fomu vibaya kunafundishika kwa siku chache.

Jambo la pili zito ni kama kituo kinaendana na dawa yenyewe. Marekani kulikuwa na jaribio lililoitwa X:BOT, matokeo yake yakatoka mwishoni mwa 2017. Lililinganisha naltreksoni ya sindano ya kila mwezi na buprenofini (dawa nyingine ya kuchukua nafasi ya heroini) iliyochanganywa na naloksoni (dawa inayoondoa nguvu ya heroini), watu 570, vituo 8. Naltreksoni huzuia kabisa kazi ya heroini, hivyo mtu mwenye heroini mwilini akichomwa ataangukia arosto kali, yaani mateso ya mwili kukosa dawa uliyoizoea. Lazima kwanza asafike kwa siku kadhaa. Kati ya 283 waliopangiwa naltreksoni, 204 tu ndio walioweza kuianza, yaani 72%. Upande wa buprenofini walianza 94%. Kama dawa yenu inahitaji mwili uwe safi kwanza, ulizeni kituo kina vitanda vya kulaza, mgonjwa hukaa siku ngapi, na arosto hutulizwa kwa dawa gani. Vituo viwili vyenye madaktari wenye sifa sawa vinaweza kuwapa matokeo tofauti kabisa kwa sababu ya siku tatu za kulazwa.

Kuna pia suala la mgonjwa amefuata nini pale. Jaribio jingine la Marekani, START, lililinganisha methadoni na buprenofini kwa watu 1,269, na lilifanyika ndani ya programu za methadoni. Kufikia wiki ya 24, waliobaki kwenye tiba walikuwa 74% upande wa methadoni na 46% upande wa buprenofini, na katikati ya safari ilibidi wabadili uwiano wa kupanga makundi ili buprenofini ipate watu wa kutosha. Sababu ni zaidi ya moja, ikiwamo dozi. Lakini mimi nalisoma pia kama fundisho la mahali: anayekuja kliniki ya methadoni kwa kawaida amekuja kwa ajili ya methadoni.

Na angalieni kama tukio mnalolipima linatokea huko kwa wingi wa kutosha. Jaribio la HPTN 058, lililofanyika China na Thailand kwa watu 1,251, lililenga kuona kama buprenofini ya muda mrefu inapunguza maambukizi ya VVU na vifo. Lilisimamishwa mapema kwa sababu matukio hayo yalikuwa machache kuliko ilivyokadiriwa. Kwa wagonjwa hiyo ni habari njema, ila jaribio lilibaki bila nguvu ya kujibu swali lake. Takwimu za miaka mitano nyuma zisiwatoshe. Tafuteni za mwaka huu.

Sasa wafanyakazi. Hapa naomba muwe wakali. Kuna vituo, hasa vya kukaa na kupata nafuu bila dawa, ambako washauri nasaha wanaamini kwa dhati kwamba methadoni au buprenofini ni kubadilisha ulevi kwa ulevi. Mtafiti mkuu anaweza kuwa na msimamo mwingine kabisa. Tuliwahi kukiacha kituo kilichokuwa na kila kitu, kwa sababu mshauri nasaha mmoja alituambia waziwazi kwamba huwashauri wagonjwa wapunguze dozi "ili wawe huru". Namheshimu kwa kusema ukweli, lakini mgonjwa angetumia muda mrefu zaidi na yeye kuliko na daktari wetu. Kwa hiyo ongeeni na washauri, mfamasia, hata mlinzi wa geti, bila bosi wao kuwepo.

Kuhusu dawa zenye udhibiti nitakuwa mfupi. Methadoni iko chini ya mkataba wa Umoja wa Mataifa wa kudhibiti dawa za kulevya wa 1961, buprenofini chini ya ule wa 1971, kwa hiyo vibali vya kuagiza huchukua muda mrefu. Ulizeni kuhusu kabati la chuma, daftari la kuhesabu, na nani hutoa dozi wikendi na sikukuu. Naloksoni ya kuokoa aliyezidisha dozi iwepo chumbani, si stoo.

Mlango wa kituo nao muutazame kwa macho yenu. Askari wakizoea kusubiri wagonjwa nje, hakuna ridhaa itakayowatuliza watu. Kama sehemu ya wagonjwa wameletwa kwa amri ya mahakama, hakikisheni kwa maandishi kwamba kukataa utafiti hakutabadili kesi yao. Na mjue sheria ya pale inasema nini kuhusu nani anaweza kudai rekodi za matibabu ya uraibu. Mkikuta ni yeyote, mimi ningeondoka.

Kuhusu mchanganyiko, msichukue hospitali za vyuo peke yake. NIDA, taasisi ya serikali ya Marekani ya utafiti wa dawa za kulevya, ilianzisha mtandao wake wa majaribio mwaka 1999 kwa lengo la kuyapeleka kwenye vituo vya kawaida vya jamii, ambako wagonjwa wengi hutibiwa. Vituo vyenye watu watano watano navyo viepukeni. Gharama za kufungua, kufundisha na kukagua karibu zinalingana na za kituo chenye watu 60.

La mwisho, kabla ya kusaini: siku ya mwisho ya jaribio, nani ataendelea kumpa mgonjwa dawa? Azimio la Helsinki, mwongozo wa kimataifa wa maadili ya utafiti wa tiba kwa binadamu, linataka hili lipangwe kabla ya jaribio kuanza. Katika uraibu kukatisha dawa ghafla ni hatari ya kifo, maana mgonjwa akirudia heroini, mwili unaweza kuwa umepoteza uzoefu wake na dozi ya zamani sasa inaua. Kituo kisichoweza kuonyesha kwa maandishi ni kliniki gani itawapokea wagonjwa, kwa dawa ipi na kwa gharama ya nani, kitoeni kwenye orodha hata kama rejista yake ni nzuri kuliko zote.