Muulize Fundi: Titani haishiki kutu, ila inaliwa

Mwezi huu sijui nani kawapitia, meseji karibu zote ni za titani, ile metali nyepesi ya vipuri vya baiskeli vya bei. Nimechukua nne, za wengine zinafanana na hizi.

SWALI: Fundi shikamoo. Kaka angu yuko Ujerumani aliniletea magurudumu yaliyotumika yenye kaseti ya titani (lile rundo la gia kwenye gurudumu la nyuma), akasema hiyo haishiki kutu, ni ya maisha, nitaiacha kama urithi. Sasa ni miaka miwili, wikiendi napakia baiskeli kwenye basi nashuka Mombo napandisha Lushoto. Juzi nimefunga cheni mpya, nikikanyaga kwa nguvu kwenye zile gia kubwa inaruka kro kro kro, ila gia ndogo ziko poa tu. Nimeuziwa cheni feki au? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Cheni haina kosa, na kaka ako hakukudanganya sana, alichosema kuhusu kutu ni kweli tupu, titani hata uiloweke kwenye maji ya bahari pale Raskazone haishiki kutu. Lakini kutu na kulika ni vitu viwili tofauti. Meno ya chuma kwenye kaseti nzuri yametiwa moto yakawa magumu, titani kwa msuguano haifiki hapo, na cheni inayopita juu yake ni ya chuma kigumu siku nzima, kwa hiyo anayeliwa ni nani? Ndio maana hata kaseti ya Shimano Dura-Ace, ile ya daraja la juu, sio titani yote, sproketi kubwa, yaani zile gia za meno mengi, ndio titani na ndogo zimeachwa chuma. Sproketi kubwa inashikwa na cheni kwa meno mengi kwa wakati mmoja, mzigo unagawanyika, ile ya meno 11 ni meno machache tu yanabeba kila kitu, ukiweka titani pale haikai.

Sasa hesabu hiyo ni ya mtu wa tambarare, ambaye gia kubwa anazigusa mara moja moja. Wewe kutoka Mombo mpaka Soni mpaka Lushoto unakaa kwenye gia kubwa zilezile mwanzo mwisho, tena umesimama kwenye pedeli, tena bila shaka na cheni ya zamani ambayo hukuipima hata siku moja (nisamehe kama nakusingizia, ila nawajua). Cheni ikichoka watu husema imerefuka, kumbe hakuna kilichovutika, ni pini na matundu yake vimelika, kila pingili imelegea kidogo, ukijumlisha ndio urefu unaongezeka. Cheni hiyo haikai tena katikati ya meno, inapanda juu na kuyachonga mpaka yanakuwa kama mapezi ya papa. Yakishachongwa yanaelewana na cheni chakavu tu, ukileta mpya inakataa.

Kupima ni rahisi, huhitaji kifaa cha bei. Chukua rula ya chuma, weka sifuri katikati ya pini moja, hesabu pini 24 mbele. Cheni mpya itasoma inchi 12 kamili, yaani milimita 304.8. Kwa kaseti yenye gia 11 au 12, ikizidi milimita moja na nusu itoe, usisubiri iruke. Mimi wateja wangu wa milimani nawapimia kila mwezi, wananiona msumbufu, cheni ni hela kidogo, kaseti ya titani unajua mwenyewe bei yake.

Kwa hali yako kaseti imeisha, na zile sproketi kubwa mara nyingi zimepigwa ribiti pamoja huwezi kubadili moja. Ningekuwa wewe ningetafuta kaseti ya chuma ya idadi ileile ya gia. Utaongeza kama gramu 60 hivi, uzito wa yai.

SWALI: Sasa fundi. Nimeona cheni ya titani rangi ya dhahabu, jamaa anasema haitaki mafuta. Ni ukweli? (Msomaji, Nairobi)

JIBU: Hapana. Hiyo ni cheni ya chuma iliyopakwa titani nitraidi, ule ung'avu wa dhahabu ni ngozi nyembamba sana. Inasaidia kidogo kwa msuguano, ila ndani ni chuma kama zingine na bila mafuta italia wiki ya kwanza tu.

SWALI: Fundi, nimetumia bolti za titani kwa sproketi ya mbele, kranki (ule mkono wa pedeli) ni ya aluminiamu. Niko Nyali, naendesha kando ya bahari kila asubuhi. Sasa bolti mbili zimekataa kutoka kabisa, zimekuwa kama zimechomelewa. Nizitoboe? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Weka drili chini kwanza! Titani na aluminiamu vikigusana halafu maji ya chumvi yakaingia katikati, inakuwa kama betri ndogo, na anayelika ni aluminiamu, ule unga mweupe ndio umekaba nyuzi za bolti. Mwagia mafuta ya kupenya, acha usiku kucha. Asubuhi mimina maji ya moto kabisa kwenye kranki, aluminiamu inatanuka zaidi ya mara mbili ya titani, tundu linaachia. Ufunguo uwe mzima, uingie mpaka mwisho, ukiharibu kichwa cha bolti ndio tunafika kwenye drili, na hapo njoo kwa fundi kwa sababu chenga za titani zikipata moto zinawaka vibaya na maji hayazimi, yanazidisha.

Ukifunga tena paka grisi ya shaba kwenye nyuzi, sio kidogo, na usikaze kama za chuma. Wewe wa kando ya bahari zifungue kila miezi sita upake upya. Na kila ukitoka asubuhi mwagia baiskeli maji baridi ya bomba, kausha, tia cheni mafuta. Ile habari ya kuosha cheni na asidi ya choo niliyoiona kwa mmoja wenu, acheni, asidi hiyo inashambulia titani na cheni ya chuma inaweza kupasuka zile bati zake za pembeni. Mafuta ya taa na mswaki wa zamani vinatosha.

SWALI: Nina kilo 97, rafiki ananiuzia pedeli za Speedplay Zero zenye ekseli ya titani kwa bei ya kutupa. Nichukue? (Msomaji, Arusha)

JIBU: Kiwanda kiliziwekea kikomo cha kilo 84. Muulize rafiki ako kama anazo za chuma cha pua.