Jibu: Shemeji ameomba hifadhi Uingereza, kliniki imemrudisha

Pole, ndugu. Umeuliza kama watu wa mapokezi walikuwa na haki ya kumrudisha shemeji kwa kukosa kitambulisho na barua yenye anwani. Hawakuwa nayo. Huko England kujiandikisha kwa GP (daktari wa mtaa anayekuona kwanza) ni bure, na hati za uhamiaji si sharti. Arudi, aombe sababu ya kukataliwa kwa maandishi. Mara nyingi hapo kauli yao hubadilika.

Asimtegemee mtoto kutafsiri (mambo ya uzazi mtoto atayasemaje?). Aombe mkalimani wa Kiswahili siku anapopanga miadi, halipii. Maadamu ombi lake la hifadhi bado linashughulikiwa, hospitali za serikali hazimtozi matibabu. Dawa, meno na miwani ndipo penye gharama, kwa hiyo aulizie cheti cha HC2, kinachowaondolea wenye kipato kidogo gharama hizo.