House of the Dragon: msimu wa kwanza unakimbia, wa pili unasuasua

Si wewe tu. Umesema tamthilia ya House of the Dragon uliiachia njiani kwenye sehemu ya 6 kwa sababu sura zimebadilika ghafla, na wenzako wanakuonya kwamba msimu wa pili unasinzisha. Malalamiko yote mawili yana msingi, ila chanzo ni tofauti.

Msimu wa kwanza (2022, sehemu 10) unabeba takriban miaka 20 ya ugomvi wa ukoo mmoja. Kati ya sehemu ya 5 na ya 6 hadithi inaruka miaka 10: Rhaenyra, binti wa mfalme, anayeigizwa na Milly Alcock sasa anaigizwa na Emma D'Arcy, na Alicent, malkia, anatoka kwa Emily Carey kwenda kwa Olivia Cooke. Daemon (ami yake Rhaenyra) na Criston (mlinzi wa kifalme) wanabaki na waigizaji walewale, ndiyo maana jicho linagoma. Sehemu ya 8 inaruka tena, kama miaka 6. Rudia dakika 10 za mwisho za sehemu ya 5, kisha ingia ya 6 ukifuatilia jambo moja tu: watoto hawa ni wa nani. Majina acha yaje yenyewe; yanafanana mno.

Msimu wa pili (2024) una sehemu 8, na humo zinapita siku na wiki, si miaka. Pigano kubwa liko sehemu ya 4. Ya mwisho inaishia majeshi yakiwa njiani, na hapo ndipo wengi walinuna. Sehemu ya 5 na ya 6 zitazame kwa mkupuo. Zilichosha zaidi kwa kusubiriwa wiki nzima.