Lengo la Somo Linalopimika

SWALI: Nafundisha umeme katika chuo cha ufundi. Mpango wangu wa somo umerudishwa kwa kuwa lengo "mwanafunzi aelewe kufunga soketi" halipimiki. Nirekebishe vipi?
Mwalimu, Kariobangi, Nairobi

JIBU: Mwalimu, kuelewa hakuonekani kwa macho. Tumia kitenzi cha kazi: afunge, apime, akate. Kisha taja anapewa nini na kazi ikubalike kwa kigezo gani. Mfano: "Akipewa soketi ya ampea 13, waya wa milimita mraba 2.5 na bisibisi, mwanafunzi aifunge kwa dakika 20; waya wa laivu, wa nyutro na wa athi kila mmoja mahali pake, shaba isionekane nje ya tundu la skrubu, na waya usichomoke ukivutwa."

Wengi hukosea kwenye kigezo. "Vizuri" na "kwa usalama" kila mtahini atayasoma kivyake. Usalama uandike kama tendo: athibitishe kwa testa, kifaa cha kupimia umeme, kwamba umeme umezimwa kabla ya kugusa waya. Hapo usitoe nusu alama; asiyepima amefeli, hata soketi ikikaa sawa.

Dakika usizikisie. Funga soketi mwenyewe ukitazama saa, kisha mwongezee anayeanza. Na lengo moja libebe tendo moja: ukiandika "afunge na kutafuta hitilafu", aliyeweza moja tu utampa alama gani?