Bondi ya miaka miwili kwa kozi ya wiki tano: mimi nilisaini

Mkuu, umeuliza usaini au usisaini hiyo bondi, yaani mkataba wa kubaki kazini baada ya kusomeshwa, maana kampuni inataka kukulipia kozi. Mimi nilisaini, nikueleze ilivyokwenda.

Nilikuwa fundi wa mitambo ya baridi kwenye kiwanda cha minofu ya sangara Mwanza, mshahara laki nne na nusu. Majokofu ya kawaida nilikuwa nayaweza tangu VETA, ila kiwandani kule baridi inatengenezwa kwa amonia, na amonia si ya kuchezea: ikivuja kidogo tu macho yanawaka, kifua kinabana, watu wote nje. Tukachaguliwa wawili, tukapelekwa Nairobi wiki tano. Ada, basi, chumba, posho, vyote juu ya ofisi. Kwenye bondi wakaandika milioni 4.2, ukiondoka kabla ya miaka miwili unarudisha yote. Yote kweli, hata ukiondoka mwezi wa 23. Siku ya kusaini sikuliona hilo, akili ilishafika Nairobi.

Tuliporudi, slipu ikasoma laki nne na nusu ileile. Kilichoongezeka ni kazi. Zamani kompresa ikizingua usiku anaitwa mtaalamu wa nje, analipwa vizuri tu. Sasa simu ya saa nane usiku ni yangu, natoka Igoma na bodaboda, nabadilisha sili ya shafti, asubuhi naambiwa "umetusaidia sana". Vyeti halisi utumishi wakavifungia kabatini, sisi tukapewa kopi.

Mwenzangu alidumu miezi saba. Kiwanda kingine kikamlipia deni lote la bondi na kumpa laki nane. Meneja wetu akalalamika kwamba anasomesha watu wa wenzake, kozi zikafutwa. Hesabu hakuipiga: angetuongeza laki moja na nusu, kwa miaka miwili ni milioni 3.6 kwa kila mmoja, na mtaalamu wa nje asingemhitaji tena. Mimi nilimaliza muda wangu, nikatoa notisi ya siku 28 siku hiyohiyo.

Bondi yenyewe usiiogope, aliyetoa hela ana haki ya kuona faida yake. Gombana na maandishi. Deni lishuke kila mwezi unaofanya kazi. Wakikupunguza wao, deni life. Mshahara mpya uandikwe kabla hujasafiri, maana ukisharudi umeshafungwa, huna cha kuwatishia. Pia angalia kozi ni ya nini: kama ni mashine iliyopo kwenu peke yenu, hakuna wa kukugombania nje, bondi ya miaka miwili ni ya nini? Ya amonia inatakiwa kwenye samaki, maziwa, bia, hapo naelewa wakitaka kukushika.

Wakikwambia tayari wanakatwa SDL (tozo ya kuendeleza ujuzi) kwa ajili yako, ni kweli mwajiri mwenye watu 10 na kuendelea anailipa, kwa asilimia ya mishahara. Lakini ile inakwenda serikalini na si ada yako ya kozi. Isionekane kabisa kwenye makato ya slipu yako, ni mzigo wa mwajiri.

Na cheti kipige picha kabla hujakikabidhi. Changu nilikifuatilia miezi mitatu, nikakipata kimekunjwa katikati na alama ya kikombe cha chai juu ya jina.