Kuandaa foki ya mradi huria ukiwa Kigoma na bando la kubana

Anayeanza kuchangia programu huria kutoka Mwanga au Ujiji hukwama mapema kuliko anavyotarajia: kloni (kunakili mradi mzima kwenye kompyuta yako) inakatika katikati, bando limeisha, na msimbo wenyewe hajauona. Dawa ni kupanga. Git, programu ya kutunza historia ya msimbo iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005, hufanya karibu kazi zake zote bila mtandao. Komiti (mabadiliko uliyoyahifadhi), matawi (mikondo ya kazi iliyotengana), kupekua historia, kurudisha faili lilivyokuwa juzi, vyote hivyo viko kwenye diski yako. Mtandao unautaka wakati wa kukloni, kuchota mapya (fetch) na kusukuma ya kwako (push) tu, kwa hiyo hizo ndizo amri za kuzihesabia MB.

Kwanza soma CONTRIBUTING.md, faili la mradi lenye maelekezo kwa wachangiaji, hadi mwisho. Wengi wenu mtaanza na tafsiri za Kiswahili, na ni mwanzo mzuri, lakini miradi mingi huzifanyia tafsiri kwenye tovuti za kutafsiria kama Weblate au Crowdin. Ukihariri faili za tafsiri moja kwa moja, ombi lako la kuunganisha mabadiliko (pull request) litafungwa hata kama Kiswahili chake kimenyooka.

Foki ni nakala ya mradi inayokaa kwenye akaunti yako ya GitHub, tovuti inayohifadhi miradi ya Git. Kuitengeneza hakuli bando, kwa kuwa kunakili kunafanyika kwenye seva za GitHub. Acha alama ya tiki kwenye kisanduku cha kunakili tawi kuu pekee. Bando linaanza kuliwa unapokloni, basi pima kwanza. Fungua kwenye kivinjari:

https://api.github.com/repos/mwenye-mradi/mradi

Tafuta neno "size". Namba yake iko kwa kilobaiti: 184320 ni kama MB 180. Hayo ni makadirio, na hayajumlishi maktaba utakazopakua baadaye. Kwenye miradi ya JavaScript, folda ya maktaba hizo, node_modules, mara nyingi huuzidi mradi wenyewe kwa uzito.

Kloni ikikatika utaona "fatal: early EOF". Git haiendelezi ilipoishia, inaanza upya, na MB zilizoliwa ndiyo zimekwenda. Kwa mradi mkubwa, chukua historia ya karibuni tu (anwani ya git@ inahitaji ufunguo wa SSH, unaoelezwa hapo chini):

git clone --depth 50 git@github.com:jina-lako/mradi.git

Utakutana na ushauri wa kutumia --filter=blob:none. Unamfaa mwenye mtandao saa zote, maana yaliyomo kwenye matoleo ya zamani ya faili hupakuliwa pale yanapohitajika. Mnara ukizima, hata git blame (inayoonyesha nani aliandika mstari upi) inakwama ikiisubiri seva. Kwa mazingira yetu --depth ni salama zaidi: unachokipata kinabaki nawe. Ukihitaji historia zaidi, git fetch --deepen=200 inaongeza.

Mkiwa kikundi, msilipie kitu kilekile mara nne. Mmoja akloni historia yote (bila --depth), kisha aifunge iwe faili moja:

git bundle create mradi.bundle HEAD main

Faili hilo liwekwe kwenye flashi. Kila mmoja akifika nyumbani aandike git clone mradi.bundle mradi, aingie kwenye folda, halafu aelekeze asili kwenye foki yake kwa git remote set-url origin na anwani yake. Kuanzia hapo atachota tofauti tu. Msirushiane node_modules kwa flashi kama mmoja anatumia Windows na mwingine Linux. Baadhi ya maktaba hujengwa kwa ajili ya mfumo mmoja na zitagoma kwenye mwingine.

Kuhusu kujitambulisha: tangu tarehe 13 Agosti 2021 GitHub haipokei nenosiri la akaunti kwenye amri za Git. Tengeneza ufunguo wa SSH (njia salama ya kuunganika na seva) kwa ssh-keygen -t ed25519, bandika faili lenye mwisho wa .pub kwenye mipangilio ya akaunti, kisha jaribu ssh -T git@github.com. Jibu linasema umetambuliwa ila hupewi shell (sehemu ya kuandika amri kwenye seva). Wageni hudhani ni kosa, kumbe ndiyo mafanikio yenyewe. Kama mtandao unaotumia umefunga mlango (port) wa 22, unaotumiwa na SSH, GitHub inapokea SSH pia kupitia ssh.github.com kwenye mlango wa 443. Barua pepe utakayoweka kwenye user.email itasomwa na kila mtu, tena kwa miaka. GitHub inatoa anwani ya noreply, inayoificha ya kwako, kwa ajili hiyo. Kwenye kompyuta mnayoitumia zaidi ya mtu mmoja usiandike --global unapoiweka, la sivyo komiti za mwenzako zitatoka kwa jina lako.

Sasa unganisha mradi mama, yaani ule ulioufanyia foki, kwa jina la upstream:

git remote add -t main upstream https://github.com/mwenye-mradi/mradi.git
git remote set-url --push upstream ZIMA
git fetch upstream

Hiyo -t main inazuia kuchota matawi mengine yote, ambayo yangerudisha uzito ulioukwepa. Mstari wa pili unafanya usiweze kusukuma kwa mradi mama hata ukichanganya majina. Miradi ya zamani bado ina tawi kuu linaloitwa master. Angalia kabla ya kunakili amri.

Kosa linaloharibu maombi mengi kuliko yote ni kufanyia kazi kwenye main. Siku mbili za kwanza hutaona tatizo. Litajitokeza kwenye ombi la pili, pale linapobeba komiti za ombi la kwanza ambalo halijakubaliwa, na mkaguzi anauliza mbona marekebisho ya tarehe yamekuja na rangi ya kitufe. Main iwe kioo cha mradi mama na kazi ikae kwenye tawi lake:

git switch -c rekebisha-tarehe upstream/main

Ukishateleza, kuna njia ya kutoka. Ukiwa bado kwenye main, andika git branch kazi-yangu ili komiti zako zipate mahali pa kukaa, hakikisha git status haionyeshi kitu ambacho hakijahifadhiwa, halafu git reset --hard upstream/main. Usiruke git status, kwa sababu reset ya aina hiyo inafuta mabadiliko yasiyo kwenye komiti na hayarudi.

Kabla ya kusukuma, piga git diff --stat upstream/main. Umebadilisha mistari mitatu na inakuambia mia nne? Mara nyingi ni kihariri cha Windows kimegeuza miisho ya mistari, au kimepanga upya faili zima bila kuombwa. Rekebisha hapohapo, kisha git push -u origin rekebisha-tarehe.

Wakaguzi wakiwa California, saa tatu asubuhi yao ni saa moja au saa mbili usiku kwetu, kulingana na msimu. Maoni yao utayakuta asubuhi. Yajibu kwenye tawi lilelile, ombi litajisasisha; kufungua jipya kunapoteza mjadala. Ukiambiwa ufanye rebase (kuzipanga komiti zako juu ya main mpya), chota upstream, endesha git rebase upstream/main, na usukume kwa --force-with-lease badala ya --force tupu, ili usifute komiti ambayo mkaguzi ameiweka kwenye tawi lako.

Kazi ikikubaliwa, git branch -d inaweza kukataa ikidai tawi halijaunganishwa. Hutokea pale mradi unapobana komiti zako ziwe moja yenye utambulisho mpya. Hakikisha kwenye ukurasa wa ombi kwamba limeunganishwa kweli, tumia -D, na ulifute la kwenye foki kwa git push origin --delete rekebisha-tarehe.