Jibu: Mama wa Makete anayechoma insulini kila siku na sukari haishuki

Dada muuguzi, kabla daktari hajapandisha dozi, mwambie mama aje na kichupa chake na sirinji, kisha achome mbele yako. Usimuulize "umeelewa?", maana atajibu ndiyo. Mwache aonyeshe mwenyewe.

Kwanza papasa tumbo na mapaja yake. Wengi huzoea sehemu moja kwa kuwa haiumi tena, na hapo hujitokeza uvimbe mgumu ambao dawa hupenya kwa kusuasua. Mfundishe kuhama upana wa kidole kimoja kila sindano na kukaa mbali na kitovu. Ila angalizo: akihamia ngozi nzima, dozi ileile inaweza kumshusha sukari ghafla. Mwone daktari mapema kuhusu kuipunguza, na mama apime sukari mara nyingi zaidi siku hizo.

Kama ni insulini ya mchanganyiko, ile yenye rangi ya maziwa, aiviringishe taratibu viganjani mpaka ifanane yote. Asiitikise kwa nguvu.

Halafu muulize kichupa kinalala wapi. Juni na Julai huko kwenu umande huganda, na insulini iliyowahi kuganda hutupwa hata ikiyeyuka na kuonekana safi. Isikae dirishani wala karibu na mafiga. Kilichofunguliwa kikae ndani ya nyumba, chini ya nyuzi 25, na kwa aina nyingi mwisho ni siku 28. Andika tarehe ya kufungua kwenye plasta ubandike kichupani.